Sare ya Idi, Baiskeli, na Nauli ya Mama Kurudi Nyumbani

Naandika kutoka Kilambo, kusini kabisa mwa Mtwara, ukingoni mwa mto Ruvuma, ambapo ukisimama kivukoni unaiona Msumbiji ng'ambo ya maji. Mimi ni mtoto wa Unguja niliyeolewa huku. Kila nikipiga simu nyumbani siku hizi naulizwa mambo mawili: watoto hawajambo, na eti ni kweli nimeanza kupanda baiskeli?

Watoto hawajambo. Na ni kweli.

Nina miaka thelathini na tisa, watoto wanne, na baiskeli ya kike aina ya Phoenix niliyoinunua imeshatumika, yenye kikapu mbele na kariyea nyuma. Wiki moja baada ya Idi kubwa, inshallah, mimi na wenzangu wanane tutaondoka Mtwara mjini asubuhi na kuja Kilambo kwa baiskeli, takriban kilomita 40, kuchangisha fedha. Leo nataka kusema fedha hizo ni za nini, na kwa nini naona jambo hili linawahusu na nyinyi mlioko visiwani. Nitasema pia neno kuhusu sare za Idi, na najua si wote watakaolipenda.

Kwenda kama bibi harusi

Msimu uliopita wa korosho, jirani yangu alishikwa na uchungu usiku. Zahanati walimpokea, wakamtazama, wakaona mambo hayaendi. Wakapiga 115.

Kama hujui namba hiyo, iandike leo na uiweke kwenye simu yako. Ni namba ya bure ya mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2022, na Zanzibar pia umo. Mama mjamzito, mzazi au kichanga akipata dharura, wanaopokea simu wanatafuta gari la wagonjwa. Kama gari hilo liko mbali, wanampigia dereva wa kawaida aliyesajiliwa katika jamii, naye analipwa na mpango. Mgonjwa hatoi kitu. Tuseme haki: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya kina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ulikadiria 104. Kazi imefanyika, na anayesema hakuna kilichobadilika hasemi kweli.

Gari likaja. Jirani yangu akafikishwa mjini, akapasuliwa, mtoto akatoka mzima. Alhamdulillah.

Siku ya tano akaruhusiwa. Mumewe alikuwa dago, hapatikani kwa simu. Dada yake aliyekuwa akimuuguza alikuwa amebakiwa na shilingi elfu nane, kwa sababu siku tano za kula, sabuni na nauli ya kwenda na kurudi sokoni zimeshakula zilizobaki. Wakapanda Noah ya abiria, wamebanana watu wanne kwenye kiti cha watatu, mpaka ilipoishia. Kipande cha mwisho wakachukua pikipiki. Mvua zilikuwa zimeshaanza na barabara ina makorongo. Mama mwenye mshono wa siku tano, mtoto kifuani, amekaa nyuma ya bodaboda anarushwarushwa.

Mshono ukafumuka. Ukaingia usaha. Akarudi zahanati mara nne, na kwa zaidi ya mwezi hakuweza kuchota ndoo ya maji. Hakufa, kwa hiyo hayumo katika hesabu yoyote. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia: "Kwenda nilikwenda kama bibi harusi. Kurudi nimerudi kama gunia."

Simlaumu mtu yeyote. Mpango wa dharura ni wa dharura, na mama aliyeruhusiwa kwenda nyumbani si dharura tena. Lakini sisi majirani zake, wanachama wenzake wa kikundi, tunaokula pamoja na kuchezeana ngoma, tulikuwa wapi siku ile ya tano? Nitawaambia tulikuwa wapi. Tulikuwa mjini, wanne kati yetu, tunachagua kitambaa cha sare ya harusi.

Hesabu yetu

Wazo la baiskeli tulilitoa kwenye redio. Kila mwaka kuna waendesha baiskeli wanaotoka Dar es Salaam hadi Butiama, zaidi ya kilomita 1,000, kumuenzi Mwalimu Nyerere, na njiani wanapanda miti. Msafara wao unaitwa Twende Butiama. Mwenzetu mmoja akasema, "Wao wanakwenda Butiama. Sisi hata Kilambo hatufiki?" Tukacheka. Wiki iliyofuata akaja na daftari.

Utaratibu wetu ni mdogo. Waendeshaji tuko tisa. Kila mmoja ametafuta watu kumi wa kumuahidi shilingi 200 kwa kila kilomita atakayoimaliza. Kilomita 40 ni shilingi 8,000 kwa kila mtoaji, shilingi 80,000 kwa kila mwendeshaji, na kwa sote tisa ni shilingi 720,000. Huku kwetu fedha za korosho haziji mpaka mwisho wa mwaka, na baada ya masika nyumba nyingi zina mpunga lakini hazina senti. Kwa hiyo wengine wameahidi mpunga, na mmoja kaahidi jogoo. Tumekubali, tutauza.

Tumepatana na dereva wetu mmoja mwenye gari zuri: shilingi 70,000 kumtoa mama hospitali mjini na kumfikisha mlangoni kwake, kiti cha mbele, taratibu, bila kupakia abiria mwingine. Shilingi 720,000 ni safari kumi. Mama kumi. Kwa kijiji si mchezo.

Tumechagua kutoka mjini kuja Kilambo kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo njia ya kurudi. Fundi baiskeli alituonya kwamba wakati huo kusi litakuwa linatupiga usoni, na tungeanzia Kilambo lingetusukuma. Tukamwambia ndivyo tunavyotaka.

Mama mkwe na kariyea

Baiskeli ilipoingia uani, mama mkwe wangu hakusema neno siku tatu. Siku ya nne aliniita barazani.

"Mwanangu, hii baiskeli unaipeleka wapi?"

Nilijitayarisha kujibu mambo ya haya na stara, kwa sababu nilidhani hapo ndipo tunapokwenda. Sipo. Alinisimulia kuwa mimba yake ya tatu, uchungu ulimkuta shamba. Baba mkwe, Allah amrehemu, alimkalisha kwenye kariyea, akamfunga kiunoni kwa kanga mbili, akaanza kusukuma. Hakukuwa na barabara, ni njia ya miguu. Mtoto alizaliwa kabla hawajafika, na hakulia.

"Toka siku ile mimi sikai juu ya baiskeli," akasema. "Nikiisikia kengele yake tumbo linaniuma."

Miaka kumi na minne nimo katika nyumba ile na sikuwa nalijua hilo. Nilikaa kimya. Kisha nikamueleza habari ya jirani na ya nauli ya kurudi, na kwamba hakuna mama atakayepandishwa kwenye kariyea ya mtu. Akaniangalia, akasema, "Basi wewe endesha. Mimi usinipandishe."

Tangu siku hiyo nikitoka kwa mazoezi baada ya Alfajiri, yeye ndiye anayewaamsha watoto na kuwapa chai waende skuli. Hajawahi kuniuliza nimekwenda umbali gani. Ila nikichelewa namkuta amesimama njiani.

Vipi kuhusu haya?

Najua baadhi yenu mnasoma huku mnasema: yote mazuri, lakini mwanamke wa Kiislamu juu ya baiskeli barabarani? Nalichukua swali hili kwa heshima, maana nilijiuliza mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Nilikwenda kwa ustadhi wa madrasa ya wanangu. Aliniuliza mambo manne: utavaa nini, utakuwa na nani, nyumbani kwako wanajua, na sala utasali wapi. Nilipomjibu yote akasema baiskeli ni kipando kama vipando vingine. Akanikumbusha kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwasifu wanawake wa Kikureshi kwa kuwataja kuwa wapandaji wa ngamia, na katika sifa hiyo hiyo akataja huruma yao kwa watoto na uangalifu wao kwa mali za waume zao. Kupanda na kulea vimetajwa pamoja. Sisi ndio tuliovitenganisha.

Na Bi Aisha, Allah amridhie, alishindana mbio na mumewe. Mara ya kwanza alishinda yeye. Baadaye mwili ulipokuwa mzito akashindwa, na Mtume akamtania kuwa hii ni kwa ile. Nikiisoma hadithi hii huwa naona watu wawili wenye mapenzi, na mwanamke ambaye mwili wake una pumzi. Tumefundishwa kuwa mwili una haki juu yetu, na kuwa muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi kwa Mola wake, ingawa kwa wote wawili mna kheri. Lakini wangapi kati yetu tukifika miaka arobaini tunapanda ngazi tatu tukishika kiuno? Sukari na presha zimekuwa habari za kila baraza, halafu tunaona haya kutembea haraka.

Saudi Arabia yenyewe, wanawake waliruhusiwa kuendesha baiskeli katika bustani mwaka 2013, kwa masharti. Mwaka mmoja kabla ya hapo, bibi mmoja wa Kisaudi, Haifaa al-Mansour, alitoa filamu ya Wadjda, kisa cha mtoto wa kike anayetamani baiskeli tu. Na Masomah Ali Zada, binti wa Afghanistan aliyesumbuliwa barabarani Kabul kwa kupanda baiskeli mpaka akaishia ukimbizini Ufaransa, alishindana katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 na hijabu yake kichwani. Siwataji ili tuwaige. Nawataja kwa sababu vita hii ya baiskeli na mwanamke si ya Kilambo peke yake, na waliotutangulia hawakuvua stara yao.

Kuhusu mavazi nitasema kwa aliyewahi kuanguka. Baibui na mnyororo haviwezi kukaa pamoja. Siku yangu ya pili pindo liliingia kwenye cheni mbele ya kijiwe cha bodaboda, nikaenda chini mzima mzima. Vijana walikuja kunisaidia, na mmoja akanizuia watoto wasicheke. Sasa tunavaa suruali pana yenye lastiki kifundoni, juu yake kanzu inayofika chini ya goti, mtandio wa kubana, na kofia ngumu. Mwambie fundi akufungie kinga ya mnyororo. Tandiko liwe juu kiasi kwamba mguu ukifika chini kwenye pedeli unakaribia kunyooka, la sivyo magoti yatakuuma na utadhani ni uzee.

Mazoezi katikati ya maisha

Wanaume wakijiandaa kwa jambo kama hili huondoka. Sisi hatuwezi kuondoka. Mazoezi yetu yamepita katikati ya ndoo, vitabu vya watoto, shamba na sikukuu.

Tulianza kabla ya Ramadhani kwa kilomita tatu. Miaka hii mwezi mtukufu unaangukia kwenye mvua, kwa hiyo tope, na tena saumu. Mume wangu alisema tusimame mwezi mzima. Nilimwambia, "Baba watoto, tutapunguza, hatutasimama." Tukawa tunaendesha nusu saa tu, polepole, saa moja kabla ya Magharibi, ili kiu ikianza maji yawe karibu. Futari naiandaa mchana: muhogo wa nazi uko jikoni, uji umeshapoa, samaki wamekaangwa. Usiku hatukuendesha hata mara moja. Tangu matatizo ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017, giza la mpakani si la kuchezea, na tulikubaliana tangu mwanzo kuwa hakuna anayetoka kabla jua halijatoka wala peke yake.

Na zile siku ambazo sisi wanawake hatufungi, badala ya kukaa tukijificha na kikombe cha chai, tulizifanya siku za safari ndefu. Ndiyo siku niliyofikisha kilomita 15 kwa mara ya kwanza.

Baada ya Idi ndogo ikaja sita za Shawwal, tukapanga mazoezi kwa siku zisizo za saumu. Kisha ikaja mavuno ya mpunga, na pamoja nayo shughuli. Mwaka huu kila Jumamosi kuna ngoma ya unyago, harusi au khitma. Huku kwetu, na naamini na huko visiwani, mtu asiyehudhuria shughuli ya jirani kwa sababu ya mazoezi atazikwa na watu watatu. Kwa hiyo tunakwenda kwenye shughuli kwa baiskeli. Jumamosi iliyopita nimeendesha kilomita 11 na sufuria la wali limefungwa kwenye kariyea kwa mpira. Nimefika, nimepika, nimecheza, nimerudi. Hayo ndiyo mazoezi.

Si kila kitu kimekwenda vizuri. Kuna wiki binti yangu wa pili aliumwa na sikutoka kabisa. Kuna asubuhi nimemkemea mwanangu mdogo kwa sababu alinichelewesha kutoka, kisha nikaendesha kilomita nane nikijisikia vibaya, maana nilikuwa nimekasirikia mtoto ili niende kufanya wema. Niliporudi nilimuomba radhi. Namwambia kila mwenzangu: sadaka inayoanza kwa kumuumiza aliye nyumbani ina kasoro, irekebishe kabla hujatoka mlangoni.

Sasa habari ya sare

Hapa ndipo ninapotaka tugombane kidogo, kwa mapenzi.

Kikundi chetu kina wanachama ishirini na watatu. Kila Idi tunashona sare. Kitambaa, mtandio na ufundi ni kama shilingi 35,000 kwa kila mtu. Zidisha: shilingi 805,000. Siku nilipoifanya hesabu hii sikulala vizuri. Watu tisa kwa miezi mitano ya mazoezi, maanguko, pancha na maneno ya watu, tunatafuta shilingi 720,000. Sare moja ya siku moja inazidi.

Basi kwa nini tuendeshe baiskeli? Kwa nini tusitoe tu hiyo ya sare?

Niliuliza hivyo kikaoni. Kimya kilichofuata si cha kawaida kwa kikundi chetu. Kisha maneno yakaanza. Mmoja akasema Idi ni furaha na mimi nataka kuifanya matanga. Mwingine akasema kuvaa vizuri siku ya Idi ni sunna. Kweli, lakini sunna ni kuvaa kilicho kizuri katika ulivyo navyo. Sijasikia popote kuwa lazima kiwe kipya, wala kuwa lazima kifanane na cha wifi yako. Nguo za watoto sikuzigusa kabisa, wala mkono wa Idi, wala pilau. Mtoto aione Idi.

Aliyenishinda kwa hoja ni fundi wetu wa cherehani, ambaye naye ni mwanachama. Alisimama akasema: "Sare ndiyo karo ya wanangu. Mkitoa nauli ya mama mmoja kwa kumnyima mama mwingine mshahara, mmefanya nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu kamili. Fedha unayoiona wewe kuwa ni anasa ni riziki ya mtu aliyekaa mkeka mmoja na wewe.

Tulifika katikati. Wanane wameshona sare yao kama kawaida, na hakuna atakayewasema. Kumi na watano tumenunua mtandio wa rangi moja tu, shilingi 6,000, na iliyobaki, shilingi 29,000 kila mtu, tumeitia kwenye mfuko. Hiyo ni shilingi 435,000. Fundi wetu amepewa kazi ya kushona suruali tisa za baiskeli na kupiga pindo mitandio. Haijafidia yote aliyopoteza, na yeye anajua, na sisi tunajua. Tumekubaliana kuwa Idi ijayo sare irudi na mfuko uchangiwe kwa njia nyingine, halafu tubadilishane Idi moja na moja.

Pamoja na ahadi za baiskeli, mfuko utakuwa na shilingi 1,155,000. Ni safari kumi na sita, na baki la shilingi 35,000 kwa pancha na solusheni.

Na jibu la kwa nini tuendeshe ni hili. Bila ya baiskeli, wale kumi na watano wasingekubali kuacha sare. Nawajua, na najijua. Waliona wenzao wanaanguka, wanaamka, wanapita asubuhi na tope mpaka magotini, wakaona aibu kusema hawana. Na wale watoaji tisini, wengi wao wanaume waliozoea kumuona mwanamke juu ya kariyea tu, sasa wanauliza, "Mmefika kilomita ngapi?" na wakishauliza hivyo wanauliza na habari ya yule mama. Fedha peke yake isingewafanya waulize.

Picha, majina, na nia

Dada mmoja aliniandikia kutoka Pemba akaniuliza kama hii si riya, sadaka ya kupigiwa ngoma. Ni swali zuri. Tumefundishwa kuwa sadaka ya wazi ni njema na ya siri ni bora zaidi. Kwa hiyo tumeweka masharti matatu. Majina ya waliotoa hayatasomwa, wala kiasi. Siku ya msafara hakuna hotuba, tutafika, tutasali Adhuhuri, tutakula. Na mama atakayepewa gari hatapigwa picha, hatapewa bahasha mbele ya watu, hatavalishwa fulana. Dereva atakwenda kumchukua kama shemeji anavyokwenda kumchukua wifi yake.

Sharti la tatu ndilo ninaloling'ang'ania zaidi. Tumezoea kumuona mhitaji akishikishwa sabuni na mchele mbele ya kamera, macho yake chini. Mama aliyetoka kupasuliwa ana haki ya kurudi kwake bila kuwa tangazo la wema wetu.

Ninachowaomba

Nyinyi wa visiwani mna bahari katikati. Mama wa Tumbatu, kurudi kwake kuna mashua. Kwa hiyo msinichangie mimi. Ulizeni mtaani kwenu: aliyejifungua mwezi uliopita alirudi vipi? Alikaa kiti gani? Nani alilipa? Ukiuliza hivyo kwa wanawake watano utapata kazi ya kufanya, na haitahitaji baiskeli kama huitaki.

Kabla ya Idi, fanyeni hesabu ya sare kwa sauti, kikundi kizima, na fundi wenu awepo. Mkiamua kushona, shoneni kwa furaha. Lakini iwe mmeijua hesabu.

Na kama una binti, mfundishe baiskeli mapema. Wangu wa kwanza, mwenye miaka kumi na mbili, ananipita sasa kwenye kilima cha kuingia kijijini na hageuki nyuma. Bibi yake anamtazama kutoka barazani. Juzi nilimsikia akimwambia, "Taratibu, mwanangu, shika breki." Kengele ililia na yeye hakuingia ndani.

Tutaondoka saa moja asubuhi. Tuombeeni upepo upoe kidogo, matairi yatuvumilie, na jirani zetu wajifungue salama. Allah azipokee ibada zetu, azitakase nia zetu, na amrudishe kila mama nyumbani kwake mzima na mtoto wake. Amin.

Wassalaam alaykum.